Hatua tisini hadi kwa wifi

Saa kumi na mbili asubuhi, jua halijapanda mlima, na Mama Paskalia Nona Sareng tayari amekunja miguu mkekani nyuma ya jiko lake, kwenye mteremko ulio juu ya mji wa Maumere. Anatia kokwa ya kemiri, kiungo cha mapishi chenye ganda gumu, kwenye kitanzi cha kamba chenye mpini, anainua mkono, anaibamiza juu ya jiwe. Ganda linapasuka. Kiini kinatoka kizima, cheupe, hakina hata ufa.

"Salamu Maria," ananong'ona, na mkono unafuata nyingine.

Hivyo ndivyo anavyosali rozari, mwaka wa kumi na tisa sasa. Kokwa moja, sala moja. Zikitimia kumi anaweka ganda moja kando ya goti, anasema Atukuzwe, anaanza fungu jipya.

"Shanga nitazishika saa ngapi, na mikono ndiyo inayonilisha?" anasema. "Mungu anajua kazi yangu ina kelele."

Kilo ya viini vizima hununuliwa rupia elfu thelathini. Vilivyovunjika, nusu ya hapo. Kwa hiyo mkono unatakiwa utulie, na mkono, anasema mama huyu wa miaka hamsini na minane, hautulii kama moyo umechafuka. Ndiyo maana anasali kwanza, hata siku ambazo hana hamu.

"Roho ni kama bustani ya mboga. Ukiiacha wiki mbili tu, huitambui."

Lakini leo bakuli la vilivyovunjika limejaa. Sanamu ya Mama Maria imelala kwake jana, na jioni hii ni lazima aipeleke kwa wifi yake, Modesta, ambaye hajazungumza naye kwa miaka minne.

Oktoba nzima, wanawake wa jumuiya husali nyumba baada ya nyumba. Kesho yake, saa kumi jioni, mama wa nyumba huibeba sanamu kwa mikono yake mwenyewe hadi kwa jirani anayefuata. Kutoka kwa Paskalia hadi kwa Modesta ni hatua tisini. Amezihesabu.

Ugomvi ulianza kwenye msiba wa mama mkwe. Kama desturi inavyotaka, Paskalia alileta nguruwe, yule aliyemudu kununua. Modesta, mbele ya ukoo wote, akauliza, "Huyu ni nguruwe au ni paka aliyelowa mvua?" Watu walicheka. Mpaka leo Paskalia akisali Baba Yetu, ule mstari wa kusamehe huupitia haraka, midomo ikiwa imefungwa nusu.

Miaka yote hiyo sanamu ilibebwa na binti yake. Paskalia alisingizia goti. Mwaka huu binti yuko kazini Malaysia.

"Basi mpe jirani yangu Mama Lusia aibebe," alimwomba Mama Ermelinda, kiongozi wa jumuiya.

"Mama Maria si kifurushi cha kutuma kwa watu," alijibiwa. "Goti lako unakwenda nalo mpaka sokoni, dada. Hatua tisini litakushinda?"

Saa kumi inafika. Paskalia amevaa sarongi yake nyeusi ya kanisani. Anainyanyua sanamu, anaipakata kifuani kama mtoto mchanga. Nyuma yake wanawake kumi na mmoja wanaimba, na kila mmoja anajifanya hamtazami.

Modesta yuko mlangoni. Amezeeka kuliko Paskalia alivyokumbuka, na jicho la kushoto limeingia ukungu.

"Umekuja kwa miguu yako?" anauliza Modesta. "Goti limepona?"

"Halijapona, wifi. Nimekuja nalo hivyo hivyo."

Kisha Modesta anacheka, cheko fupi la puani, na kunyoosha mikono. Inapapasa hewani, inaikosa sanamu. Paskalia anaibana sanamu kifuani kwa mkono mmoja, kwa mwingine anaivuta mikono ile mpaka iishike.

"Ingia, basi. Nimechemsha mihogo. Ikipoa utasema nimekupa mawe."

Wanasali mpaka giza linakaribia. Paskalia amekaa karibu na mlango, sahani ya mihogo magotini, ameimaliza yote.

Hata hivyo hajaombwa msamaha wala hajasamehe kwa maneno. Hilo analikiri mwenyewe wakati akirudi kwake. Kuvuka kizingiti ni jambo moja, kusema "nimekusamehe" ni jingine.

"Kesho Modesta ndiye wa kubeba, na nyumba inayofuata iko chini bondeni, penye yale mawe. Kwa jicho lile hafiki peke yake," anasema. "Nimeshamwambia Mama Ermelinda wengine waimbe huko nyuma kabisa, wasitukaribie. Nitamshika mkono. Pale penye mteremko mkali, asipoweza kuniachia, ndipo nitakapomwambia."