Njia ya Mizinga

Baba alijiandikisha kwenye mbio za msituni bila kutuambia. Tulijua siku aliporudi nyumbani na kipande cha kitambaa cheupe chenye namba kumi na saba, akamwomba mama pini nne. Mama hakuuliza ni za nini. Alimpa pini, akaingia jikoni, na niliposikia sufuria zikigongwa kuliko kawaida nikajua ameelewa kabla yangu.

Wakati huo nilikuwa Itigi kwa sababu chuo kilikuwa kimefungwa baada ya mgomo, na hakuna aliyejua kitafunguliwa lini. Baba naye alikuwa nyumbani kwa sababu ya soko huria, kama alivyojibu mwenyewe kila alipoulizwa. Reli ilikuwa imepunguza watu, ikaanza na waliokaribia miaka hamsini na tano. Kazi yake ilikuwa kukagua njia. Kila siku alitembea juu ya mataruma na nyundo na spana ndefu, akikaza palipolegea, asubuhi kwenda, mchana kurudi. Barua ya kumpunguza ilisema kazi hiyo sasa inahitaji watu wenye nguvu zaidi. Niliisoma mara tatu nikitafuta ni nani aliyempima nguvu, na kwa kipimo gani. Sikumwona. Hospitali, kwa upande wao, walikuwa wamempima presha. Hao walikuwa na kipimo, na kipimo kilikuwa juu.

Mbio zilikuwa za kilometa thelathini na mbili. Waliozianzisha walikuwa wafanyabiashara wa mbao na wenye maduka, watu waliokuja na fursa mpya na waliotaka mji uwajue. Njia iliingia msituni, ikapita katikati ya kichaka ambacho wenyeji hawakiingii bila panga, halafu ikatokea barabarani upande wa pili. Nilikwenda kuiuliza kamati. Gari la wagonjwa litakaa wapi? Maji yako sehemu ngapi? Mtu akikosekana, nani atajua, na atajua saa ngapi?

"Binti," mwenyekiti aliniambia, "hizi ni mbio, si mkutano wa wanafunzi."

Wenzake walicheka. Baadaye mmoja akasema kwa upole kwamba maji yapo sehemu mbili na njia yote imewekwa alama. Niliondoka na hofu kubwa kuliko niliyokuja nayo, maana sasa nilijua kwamba hawakuwa na jibu lingine.

"Na wewe kajiandikishe," mama aliniambia jioni ile. "Ukimbie nyuma yake. Usimwache."

"Mama, mimi sijakimbia tangu sekondari."

"Ulikimbia mabomu ya machozi mwaka huu huu."

Nikapewa namba kumi na nane.

Asubuhi ya mbio kulikuwa na baridi ya Juni na upepo ule wetu unaoingia mpaka masikioni. Vijana walirukaruka kujipasha moto, wengine peku, wengine na raba za mitumba. Baba alivaa buti zake za reli. Nilimwomba avae raba zangu za ziada, akasema buti zinamjua.

"Mzee shikamoo," kijana mmoja alimwambia. "Ukichoka usisubiri treni. Huko haipiti."

"Marahaba. Hata ikipita, wewe hutakuwa na tiketi," baba alijibu, na watu wakacheka, naye akacheka. Lakini niliuona mkono wake ukishika ile namba kifuani, ukiibana kama inayotaka kupeperuka. Hapo nikaelewa kwamba hakuja kucheza. Alitaka mji mzima umwone akitokea upande wa pili kwa miguu yake, wale walioandika barua na wale walioisoma.

Tulianza. Kwa kilometa chache za mwanzo njia ilikuwa pana, ya malori ya mbao, na bado tuliona migongo ya vijana. Halafu njia ikawa nyembamba na migongo ikapotea. Mtu asiyekijua kichaka cha Itigi anaweza kudhani ni msitu kama mingine. Miti yake si mirefu, ni ya kimo cha mtu na nusu, lakini imeshikana matawi toka chini, na hatua tano nje ya njia huioni njia tena. Hapa na pale miombo mikubwa inajitokeza juu yake. Sauti haiendi mbali. Nilimsikia baba akipumua mbele yangu na sikusikia kitu kingine chochote. Nilihesabu pumzi zake. Zikienda haraka niliogopa, zikipungua niliogopa zaidi.

"Baba, tutembee kidogo."

"Unachoka, mama?" Aliniita hivyo tangu nikiwa mdogo.

"Ndiyo," nilidanganya, tukatembea.

Kwenye maji ya kwanza tulikuwa wa mwisho. Aliyetupa maji alikuwa mrina asali wa makamo, mtu mkimya mwenye shati lililotobolewa na cheche. Huyo ndiye ambaye kamati ilimpa kazi ya kuweka alama. Alituonyesha moja kwenye mti wa karibu: mikato miwili ya panga iliyolala, na mmoja unaoikata katikati.

"Fuateni hii," alisema. "Ni alama yangu, na kabla yangu ya baba yangu. Hakuna mwingine anayeikata."

Nilifurahi kusikia hivyo. Nilijiambia, angalau kitu kimoja hapa kina uhakika.

Mwendo wa kama saa moja baadaye tulifika mahali njia ilipogawanyika. Kulia kulikuwa na alama moja, mbichi, utomvu wake ukimeta. Kushoto kulikuwa na alama ileile kwenye mti wa kwanza, na wa pili, na wa tatu, hadi macho yalipoishia. Baba aliinama akaigusa ile ya kushoto kwa kidole.

"Hii imeota ngozi. Ni ya zamani," alisema. "Twende kulia."

"Kulia ipo moja tu, baba. Inawezekana alianza kwa makosa akaacha. Mtu hawezi kuweka alama ishirini mahali pasipo njia."

"Kwa nini ziwe kuukuu?"

"Jua. Na huu mti mwingine pengine hukauka haraka." Sikujua chochote kuhusu miti. Nilijua kubishana, na nilikuwa nimebishana na watu wenye vyeo nikawashinda. "Amesema mwenyewe hakuna mwingine anayeikata. Zote ni zake. Palipo na nyingi ndipo penye njia."

Aliniangalia kidogo. "Basi, wewe ndiye uliyesoma," alisema, bila kejeli yoyote, na tukaenda kushoto.

Njia ilizidi kuwa nyembamba. Nilianza kuona kwamba hakuna alama za raba mchangani, nikanyamaza, kwa sababu kusema kungekuwa kukiri. Nilinyamaza kwa muda mrefu. Mpaka leo sijui ni dakika ngapi, na hilo ndilo swali ninalojiuliza kuliko mengine yote ya siku ile.

Kilichotusimamisha ni mvumo. Nilidhani ni gari, nikashukuru. Baba alitazama juu. Kwenye mti mkubwa mbele yetu ulining'inia mzinga wa gogo, na kwenye mti wa pili mmoja, na nyuma yake mingine. Njia ilikuwa inakwenda kwenye mizinga. Haikuwa inakwenda mahali pengine popote.

"Rudi polepole," baba alinong'ona. "Usipige mkono."

Lakini tulikuwa tumelowa jasho, na nyuki walikuwa wameshatusikia harufu. Mmoja aliniuma jichoni nikapiga mkono. Kilichofuata ni kukimbia, si kule kwa mbio. Tuliingia kichakani tukiwa tumeinama, miiba ikitukata, baba akinisukuma mgongoni na kunifunika kichwa kwa shati lake. Yeye akabaki na fulana. Tulipoacha kuwasikia nyuki tulikuwa chini ya matawi mahali ambapo hatukuweza hata kusimama wima, na njia haikuonekana upande wowote.

Baba alikaa chini. Shingo yake na masikio yalikuwa yamejaa miiba ya nyuki. Midomo ilikuwa na rangi ya majivu. Aliweka kiganja kifuani, pale ilipokuwa namba, akakiacha hapo.

"Kunauma?"

"Kunabana."

Chupa ya maji niliyobeba ilikuwa imeanguka tulipokimbia. Nilipiga kelele mara moja, akaniambia niache, nitawaita nyuki. Nilimshika mkono, nikatafuta mapigo, nikayahesabu. Nilifika sitini, nikafika mia, na sikujua idadi hiyo ina maana gani, kwa muda gani, wala nifanye nini nikishaijua. Nilijua kwamba nikienda kutafuta msaada sitaweza kurudi alipo. Nilijua pia kwamba nikikaa, pengine nitakaa na maiti. Niliitazama fulana yake ikipanda na kushuka.

"Nenda," alisema. "Fuata jua. Utatokea tu."

"Siendi."

"Mama."

"Siendi, baba. Mama alisema nisikuache." Nilianza kulia, na sauti ya kilio changu ikaniogopesha, kwa sababu ilikuwa ya mtoto, na hapakuwa na mtu mzima wa kuisikia zaidi yake. Akanipigapiga goti kwa mkono ule mwingine. Yeye ndiye aliyekuwa ananibembeleza mimi.

Jua lilipokuwa karibu utosini nilisikia mluzi mrefu, kisha sauti: "Kumi na saba! Kumi na nane!"

Niliitika. Sikujali nyuki tena. Mrina asali alitokea akitambaa, mkononi ana kifungu cha magome kinachofuka moshi, begani galoni ya maji. Alimwinua baba kichwa akamnywesha kidogo kidogo, akamlowesha kifua.

"Nimepita njia ya mkato hadi kwenye maji ya pili, wakaniambia nyie hamjapita," alisema. "Nikajua mko kwenye mizinga yangu."

"Kwa nini uliweka alama ileile?" nilimuuliza. Nilitaka mtu wa kumlaumu. "Kwa nini usikate nyingine?"

Alinishangaa kweli. "Nikate ya nani? Kila mrina ana yake ya kuonyesha miti ya mizinga yake, nikikata ya mwenzangu nimemwibia. Nikikata mpya, wenzangu watasema kaingia mgeni kugawa msitu. Mimi nina hii tu." Akafikiri kidogo. "Kwenye mizinga ni za zamani, kwenye mbio ni mbichi. Nilidhani mtu ataona."

Baba alifumba macho.

Alipumzika mpaka rangi ikarudi, kisha tukatoka, mrina mbele na moshi wake, baba katikati, mimi nyuma nikiwa tayari kumdaka. Alikataa kushikwa. Tulitokea barabarani alasiri. Nilidhani watu watakuwa wameondoka, lakini walikuwapo wengi, kwa sababu habari ya mzee aliyepotea ilikuwa imewafikia. Mwenyekiti alitujia haraka, amekasirika kama mtu aliyeogopa.

"Wenzenu wote wameona alama. Nani aliyewapoteza?"

Nilivuta pumzi ili niseme.

"Mimi," baba alisema. "Uzee. Macho hayaoni alama."

Kukawa na kicheko, si kibaya, cha watu waliopata nafuu. "Mzee, si tulikuambia usisubiri treni," kijana wa asubuhi alisema, na mwingine akasema ndiyo maana reli walimpumzisha. Baba alitabasamu akiangalia buti zake. Mrina asali alinitazama mimi. Nilikuwa na maneno yote. Sikusema hata moja.

Nyumbani mama alimkalisha kwenye kigoda nje ya mlango, akampima kwa macho toka kichwani hadi miguuni, akaenda kuchemsha maji. Kesho yake tungempeleka hospitali. Nilichukua wembe nikaanza kuitoa miiba shingoni mwake.

"Nitakwenda kuwaambia ilikuwa mimi," nilisema.

"Usiibane, utaikamulia sumu ndani," alijibu. "Kwangua. Hapo nyuma ya sikio bado ipo."