Ua la Kumi

Likizo ile, miaka ya themanini, nilirudi Malindi kutoka chuo kikuu nimevimba kichwa kwa fizikia. Nilikuwa na kitabu cha kuazima, na ndani yake mchoro mmoja uliokuwa umeniteka kabisa: chembe ndogo kuliko atomu, zimepangwa pembetatu. Safu ya juu nne, chini yake tatu, kisha mbili, na kwenye ncha moja. Wanafizikia walikuwa wamezipata tisa tu. Lakini kila safu iliizidi ya juu yake uzito kwa kiasi karibu kilekile, na ulinganifu ulidai ncha isibaki tupu, basi wakasema ya kumi ipo, na uzito wake wakautaja kabla hawajaiona. Walipoitafuta, waliikuta.

Nilimsimulia nyanya, ambaye alishona kofia za kutarizi pale kwetu Muyeye tangu mama yangu hajazaliwa. Macho yake yalikuwa yamefunga ukungu, na kofia ya arusi ya kaka yangu, aliyosema ndiyo ya mwisho, aliimalizia kwa kupapasa.

"Hao watu wako wana kazi," alinijibu.

Wajukuu wanaume wote walivaa kofia zake. Siku za sikukuu walimpigia magoti kimya, yeye akipapasa kila kichwa na kumtaja mwenyewe kwa jina. Tuliamini anavijua vichwa vyao. Ijumaa, siku ya arusi, kaka angetoka msikitini na wenzake, aje atambuliwe mbele ya wakwe, na nyanya aliingojea saa hiyo kuliko biriani.

Alhamisi adhuhuri, nyanya amelala, niliichukua ile kofia. Pembetatu nane za maua ziliizunguka, kila moja nne, tatu, mbili, moja. Isipokuwa pembetatu moja tu, ncha yake tupu. Nilifurahi kupita kiasi. Nilijua ni ua gani linatakiwa pale, ukubwa wake na uzi wake, nikalishona. Nilijichoma mara tano, na ua likatoka limevimba na kupinda kama kaimati iliyoponyoka mkononi.

Alipoamka nilimkabidhi kwa majivuno. Vidole vyake viliizunguka kofia, vikasimama.

"Nani alokwambia hapa pamekosekana kitu?"

Nikamtajia ulinganifu. Akanieleza: kila kofia aliiachia pengo la ua moja, na kila mjukuu na mahali pake. Vichwa hakuvijua hata kidogo.

"Kaka yako nilimwachia ncha. Kofia isiyo pengo ni ya dukani, na rafiki zake wote watakuja na za dukani. Sasa kesho nitamtaja nani, mwanangu?"

Kulifumua tusingeweza, kitambaa kingechanika. Niliona haya hadi chakula kikanishinda. Nikafungua kitabu nijifariji, nikakuta ukurasa niliouruka: kama ulinganifu ungekuwa kamili, chembe zote kumi zingekuwa na uzito mmoja. Zinatofautiana kwa sababu ulinganifu wenyewe una kasoro. Nilikifunga kwa hasira.

Ijumaa vijana saba wa kanzu nyeupe walipiga magoti, midomo wameibana. Wa kwanza akamtaja, binamu yangu. Wa pili na wa tatu akawapita, kofia za dukani. Kwa wa nne vidole vilizunguka mara moja, mara mbili, bila kukuta pengo. Wakwe wakanyoosha shingo kutazama, nami nilitamani ardhi inimeze. Kisha vidole vikarudi nyuma, vikatua juu ya ua langu.

"Huyu ndiye bwana arusi," akasema. "Hapa pameshonwa na mtu wa chuo kikuu."