Kidonge Kisichosagwa

Shemeji yangu Vitus hajawahi kushindwa na kitu chenye nati. Watu wa Mazwi wanamletea baiskeli zilizokatika vipande viwili, na jioni wanaondoka wamezipanda. Ndiyo maana tulidhani hata hili la mkewe, dada yangu Gaudiosa, ataliweza.

Dada ana kifafa. Vidonge alivyopewa ni vikubwa, na kimoja kilipomkwama kooni siku moja, basi! Akikiona tu koo linajifunga. Mimi ndiye niliyemwambia Vitus, mdomo wangu huu: "Shemeji, si umsagie? Jiwe la mama lipo."

Akasaga. Jiwe lile mama alisagia ulezi miaka yote kule Chala, nalo linalainisha kweli. Kila asubuhi unga wa kidonge uliingia kwenye uji, dada anakunywa mpaka tone la mwisho, na sisi tunachekelea kama watoto.

Mara dada akaanza kuyumba asubuhi. Wasio na kazi wakasema amelewa, washindwe! Jioni, jua likianza kushuka, anaanguka. Zamani ilikuwa mara moja kwa mwezi, sasa ikawa kila wiki. Vitus akajilaumu kwamba hajasaga vizuri. Akaongeza kusaga, akachekecha na kwa kitambaa. Wiki iliyofuata dada akaangukia jikoni na mkono wake wa kulia ukaingia motoni.

Kwenye zahanati tulimkuta mfamasia anaitwa Cornelia, binti mpole. Alipouliza dada anamezaje dawa, Vitus akamweleza yote, hadi kitambaa. Cornelia hakugomba. Alichukua kidonge kimoja, akakitumbukiza kwenye glasi ya maji, akatuambia tukitazame.

Hakikuyeyuka. Kilivimba taratibu, kikajivika utelezi kama mlenda.

"Maji ya tumboni ndiyo yanayokiamsha," akasema. "Dawa inapenya kwenye utelezi huo kidogo kidogo, asubuhi mpaka usiku. Ukikisaga, utelezi haupo tena. Asubuhi anapigwa na dawa ya siku nzima kwa mkupuo, ikifika jioni mwilini imebaki kidogo mno."

Vitus alikuwa bado anaitazama glasi. "Kwa hiyo kadiri nilivyolainisha..." akasema.

"Ni mimi niliyemwambia asage," nikadakia. Jamani, nilitamani anitukane. Hakunitukana.

Tukauliza dawa ya maji. Ipo, lakini kwao imeisha, wameagiza. Tukazunguka maduka yote ya dawa ya Majengo: hakuna, hakuna, njooni wiki ijayo. Cornelia alikuwa ameonya pia tusiache dawa ghafla, kwamba hiyo ni hatari zaidi. Sasa tufanyeje? Kusaga mwiko, kuacha mwiko, na kumeza hawezi.

Leo asubuhi tumejaribu tena. Vitus alipiga magoti mbele ya dada na kikombe cha maji. "Mama Tadei, kimoja tu. Mezea maji haya."

Dada akakiweka mdomoni. Mkono wenye bandeji ulikuwa umelala mapajani, ule mzima umenishika mimi, unanifinya. Alijitahidi, namwapia Mungu alijitahidi. Machozi yakamtoka, koo likapanda na kushuka bure. Mwishowe akainama, kikamdondokea Vitus kiganjani.

Tukakiangalia. Kilikuwa kimeshaanza kuvimba, kimevaa utelezi wake, dawa inatoka kidogo kidogo kama Cornelia alivyosema, inatoka vizuri kabisa kwenye kiganja cha Vitus. Hakukifuta. Alibaki amepiga magoti, mkono wazi.

"Nisameheni," dada akasema.

Nikaenda jikoni kumwagia moto maji, ingawa jioni ya kuanguka ilikuwa bado mbali, ndiyo kwanza saa mbili asubuhi, na hatujapika.