Mwanamke wa Mtungi

Picha yenyewe haikuzidi kiganja. Padri mzee wa Kijerumani aliiacha kigangoni, nakala ya mchoro wa karne nyingi zilizopita huko kwao: mlevi anatapika, nguruwe analamba matapishi, na kando amesimama mwanamke na mtungi wake. Kila Jumapili Katekista Protasi aliipitisha mkono kwa mkono. Mwaka ule wanunuzi binafsi wa kahawa walikuwa wameingia Mbinga na fedha taslimu, na vilabu vya pombe vikaota kama uyoga.

Siku moja akaweka kidole juu ya yule mwanamke. "Huyu mnamjua."

Kanisa zima likageuka kumtazama Walburga, mjane mpika pombe, aliyesomesha watoto kwa pombe hiyohiyo. Akutukanaye hakuchagulii tusi, lakini kutukanwa mbele ya altare! Tena Protasi akaapa kwamba Walburga asipoacha kupika, ndoa ya bintiye Aurelia haitatangazwa. Walburga alimchukia tangu hapo, na nani atamlaumu?

Yakaja majira ya kuchimba ngolo, yale mashimo ya mteremkoni yanayozuia mvua isibebe udongo. Huko Mbinga, Umatengo mzima unajua: ngolo hazichimbwi na mtu mmoja, na majirani hawaji pasipo pombe. Protasi akawaahidi majirani togwa isiyolevya waje kuchimba shambani kwake. Hakutokea hata mmoja. Maji yalipomfika shingoni, akaenda kwa Walburga.

"Mama Aurelia, nisaidie pombe ya wachimbaji."

"Nitapika. Lakini utaipokea mkononi mwangu, mbele ya watu. Na ndoa ya mwanangu utaitangaza."

Akakubali, uso umemkunjamana kama aliyemeza kwinini.

Siku ya kazi Walburga alionja kwanza, kuonyesha haina sumu, kisha akampa Protasi kibuyu. Ndiyo desturi: mwenye shamba asipokunywa, hanywi mtu. Protasi akanywa. Povu likambaki mdomoni.

"Katekista," Walburga akasema, majembe yote yametulia, "mwenye mtungi ulishatuonyesha. Sasa tuambie, kwenye picha ile wewe ni nani?"

Protasi akafuta povu. Wachimbaji walicheka mpaka wengine wakakaa chini.

Jumapili tangazo la ndoa ya Aurelia lilisomwa la kwanza. Picha haikutolewa. Wakati wa kupeana amani, Protasi alishuka akamnyooshea Walburga mkono. Walburga aliutazama mkono ule, kisha akaendelea kushika rozari yake.