Mbao Zenye Kingo

Mwaka 1993, nikiwa na miaka thelathini na tatu, mke wangu alikufa kwa homa. Nikabaki na ubao mmoja wa mninga na hakuna wa kuukanyaga.

Ngoja nieleze. Kazi yetu pale Nachingwea ilikuwa kupakia pikipiki na mashine za kupulizia mikorosho kwenye magari ya watu. Ubao unaegemezwa kwenye bodi ya gari, mimi nasukuma mzigo, mke wangu anakanyaga mguu wa ubao usirudi nyuma. Ukirudi, kichwa cha ubao kinachomoka kwenye bodi na pikipiki inakulalia. Mwanamke yule alikuwa mwembamba, lakini akikanyaga, amekanyaga.

Siku ya mazishi mtani wangu, Mngoni aliyeletwa huku na kazi za barabara, alijilaza katikati ya njia ya makaburini. Akasema jeneza halipiti, kwa kuwa marehemu alikuwa anamdai mumewe mapumziko. Watu wakacheka na machozi yao. Ndiyo kazi ya mtani.

Matanga yalipoisha nikanunua mnyororo. Nikatoboa kichwa cha ubao, nikaufunga kwenye bodi. Ukawa haurudi tena. Ndugu zangu waliponiletea habari za kuoa, nikawajibu kwamba mnyororo hauugui homa. Hawakuniletea tena.

Mjini wakaanza kusema marehemu bado anaukanyaga ule ubao. Wengine wakawa hawaniketii karibu. Mtani peke yake ndiye aliyekuja kila asubuhi, anakaa kwenye kivuli cha gari langu, maana kufikia hapo nilikuwa nimenunua pikapu yangu.

"Mwacheni mama wa watu apumzike," anawapigia kelele wapita njia. "Huyu bahili anamfanyisha kazi hata akhera!"

"Mngoni, nenda kale panya."

"Nitakula. Wewe utakula mnyororo."

Hayo ndiyo yalikuwa mazungumzo yangu ya siku nzima. Jioni nafunga mlango, nasikia redio ya jirani.

Mwaka 2006 wakaja watafuta madini upande wa Ruangwa, na pikipiki za matairi manne. Msimamizi wao alitaka mtu wa kuzichukua Nachingwea na kuzirudisha zikiharibika. Kazi ya miezi mingi. Akatazama ubao wangu, akasema, "Mzee, mashine hii ni nzito, na inataka mbao mbili. Tena njoo na msaidizi wa kukuangalizia matairi. Huna msaidizi, natafuta mwingine."

Mtani alikuwepo, akasikia. "Mimi nitasimama," akasema. "Nitakuwa nasema kushoto, kulia. Utanipa chai tu." Hakucheka aliposema hivyo. Ilipasa nishtuke.

Nikamwambia, "Miaka yote hii sijahitaji mtu. Nitakuhitaji leo?"

Nikaenda kwa fundi seremala. Nikachagua mninga mkavu usio na fundo wala ufa, mnene kuliko wa kwanza. Mbao ndefu, maana mbao fupi zinasimama kama ngazi na mashine inapinduka kinyumenyume. Nikagongea vipande vya tairi kuukuu juu yake, matairi yasiteleze hata kukiwa na umande. Halafu jambo ambalo sikuwahi kumwona mtu akilifanya: pembeni mwa kila ubao nikapigilia kingo, ubao ukawa kama mfereji. Tairi likiingia halitoki. Macho ya nini tena?

Siku yenyewe nilirudisha pikapu nyuma, matairi ya nyuma yakashuka kwenye kijishimo, bodi ikainama. Nikavuta breki ya mkono, nikatia mawe. Mnyororo kwa kila ubao. Nikapima nafasi kati ya mbao kwa matairi yenyewe. Kijana mmoja wa msimamizi akataka kuipanda mashine na kuiendesha juu. Nikamtoa. Ikipinduka, anayelaliwa ni aliyekaa juu. Nikasimama ndani ya bodi na winchi ya mkono, nikavuta pole pole. Matairi ya chini sikuyaona hata mara moja. Yalikuja yenyewe kwenye mifereji yake mpaka mashine ikakaa.

Msimamizi akasema, "Kazi ni yako."

Mtani alikuwa amesimama ng'ambo ya barabara tangu nianze, mikono nyuma, anangoja niite. Akavuka.

"Kumbe kweli huhitaji mtu."

"Nilikwambia."

Kesho yake hakuja kwenye kivuli. Wala kesho kutwa. Baadaye nikasikia amehamia kwa mwanawe, kijiji cha Mtua.

Siku moja nilipita Mtua na mzigo, nikamkuta barabarani. Nikasimamisha gari, nikamtukana kama ilivyo haki yetu: "Mngoni, panya wa Nachingwea wanakuulizia!"

Akavua kofia. "Habari za safari, mzee," akasema. "Nyumbani hawajambo?"

Mtani anakuamkia kwa heshima! Nikamjibu hawajambo. Nyumbani kulikuwa hakuna mtu, na yeye alijua. Nikatia gia.

Leo nina nyumba ya matofali, shamba la mikorosho, pikapu, winchi, minyororo miwili, mbao mbili zenye kingo, na ule ubao wa kwanza, umelika mguuni pale kisigino cha mke wangu kilipokuwa kinakaa. Nina viti vinne. Kimoja ndicho kimechakaa.