Siku Niliporuka Ngoni ya Tonton Moriba

Nilipokuwa na miaka tisa, tukikaa ghorofa ya sita katika nyumba za manispaa kule Anderlecht, Brussels, niliamini jambo moja bila shaka yoyote: ukimruka mtu aliyenyoosha miguu, hakui tena mpaka umruke kurudi ulikotoka. Imani hiyo Bibi yangu alitoka nayo Buyenzi, Bujumbura, na kwake haikuishia kwa watu. "Chombo cha muziki nacho iko na roho," alikuwa akisema. "Ukikiruka, sauti inakatika."

Mlango uliotazamana na wetu ulikuwa wa Moriba, ambaye watoto tulimwita Tonton, yaani mjomba kwa Kifaransa; alikuwa Mmali wa ukoo ambao kazi yake, baba kwa mwana, ni kupiga ngoni na kuimba sifa za watu. Ngoni ni ndugu wa zeze letu: gogo dogo lililochongwa ndani, likawambwa ngozi ya mbuzi na kutiwa nyuzi nne. Brussels ilikuwa imemsikia harusini tu, na siku za kuwapa watoto majina. Mwaka ule akapewa alasiri nzima ya Jumapili katika ukumbi mmoja karibu na uwanja wa Flagey. Mwandaaji wa onyesho alitaka aongeze gitaa, watu wasije wakachoka. Tonton akakataa.

"Ngoni yetu imeketi na wafalme," alimwambia baba yangu akicheka. "Itashindwa kuketi na Wabelgiji?"

Asubuhi ya Jumapili hiyo nilitumwa nimpelekee sambusa. Mlango ulikuwa wazi, naye alikuwa bafuni. Ngoni ililala kwenye zulia, katikati ya mlango na meza. Ningeweza kuizunguka. Lakini sahani ilikuwa ya moto, vidole vinaniungua, nikairuka. Nikaweka sahani mezani, nikasikia maji ya bafuni yamefungwa, nikatoka mbio nikipita kando ya ukuta. Sikuruka kurudi.

Manyunyu yalinyesha kutwa. Ukumbini tuliketi safu ya tatu, mimi na Bibi. Wimbo wa kwanza ulitoka vizuri. Wa pili ukalegea. Kufika wa tatu, ilikuwa kama mtu anapiga mto wa kulalia. Watu wakaanza kukohoa. Bwana mmoja mbele yetu akatazama saa. Tonton alikaza nyuzi, akatabasamu, akasimulia kisa cha babu yake, lakini niliona vidole vyake vikiitafuta sauti na kuikosa. Machozi yakanitoka.

"Unalia nini?" Bibi aliuliza.

"Niliiruka."

"Nini?"

"Ngoni. Asubuhi. Na sikurudi."

Hakunigombeza. Alisubiri mapumziko, akanishika mkono, akanipeleka nyuma ya jukwaa kama mtu anayeingia jikoni kwake. Tulimkuta mwandaaji akisema haraka haraka: rafiki yake mpiga gitaa yumo ukumbini, bado hatujachelewa. Bibi akamkata.

"Papa Moriba, huyu mutoto iko na neno. Bon, sema."

Nikasema kwa Kifaransa, yote, hadi vidole vilivyoungua. Mwandaaji akacheka. Tonton hakucheka. Alivua skafu yake, akaitandika sakafuni, akailaza ngoni juu yake.

"Asubuhi uliruka ukitoka wapi?"

"Mlangoni, nikienda mezani."

Akaigeuza hadi ikalala kama ilivyolala zuliani. "Haya. Rudi."

Bibi akasema bismillahi. Nikaruka.

Ndipo Tonton akaiokota, akaisogeza karibu na taa za moto zilizozunguka kioo cha kujipodolea, akawa anaigonga ngozi kwa kidole na kusikiliza, anagonga na kusikiliza, mpaka ikaitika.

"Na gitaa?" mwandaaji aliuliza.

"Gitaa likae na mwenyewe."

Kipindi cha pili alipiga peke yake, macho kayafumba. Kila uzi ulisikika hadi viti vya nyuma. Hakuna aliyekohoa. Alipomaliza, ukumbi mzima ukasimama, na yule bwana wa saa alikuwa wa kwanza.

Leo najua kwamba unyevu hulegeza ngozi na joto huikaza. Tonton alilijua hilo kabla sijafungua mdomo. Nilipokuwa mtu mzima nilimuuliza, siku tuliyokutana sokoni Flagey, kwa nini basi aliniambia niruke.

"Ngozi ilihitaji joto," alisema. "Wewe ulihitaji kuruka."

"Na kama muda usingetosha vyote viwili?"

Alinitazama kama nimeuliza jambo lililo wazi. "Ungeruka kwanza."

Na kweli, niliruka kwanza. Kwa miaka mingi sikuutilia maanani mpangilio huo. Mtu alikuwa na dakika chache za kuokoa siku kubwa kuliko zote za kazi yake, na za mwanzo akazitoa kwa mwanamke mzee na mtoto anayelia, bila kuwaonyesha hata kwa jicho kwamba yeye anajua zaidi. Bibi alirudi nyumbani akiwa na hakika kwamba alikuwa sahihi. Sikuwahi kumwambia vinginevyo, wala sidhani kwamba alikosea.