Mama yu hai, lakini mume wangu ameshatunga vichekesho vya mazishi yake

Admin, tafadhali ficha jina langu kabisa, hapa mtaani Mbotela bwanangu anajulikana. Nina miaka thelathini na mbili, mimi ni fundi wa nguo sokoni, yeye ni mchekeshaji. Kwetu Ukambani mama mkwe halali kwa mkwewe, ni aibu kubwa. Lakini mama yangu alipopooza upande mmoja sikuwa na pa kumpeleka, tukamwekea kitanda sebuleni nyuma ya pazia. Bwanangu akapanda steji akasimulia anavyotoka bafuni na taulo huku mama mkwe akijifunika uso na Biblia. Watu walivunjika mbavu! Hata mama mwenyewe alicheka.

Zamani kichekesho kimoja alizunguka nacho kumbi zote mwaka mzima. Siku hizi klipu ikishaingia kwa simu za watu, wiki haiishi wanamwambia, "Hiyo tushasikia bro, leta ingine." Na usipovuma mtandaoni hakuna ukumbi unakuita. Basi amemfanya mama kichekesho mpaka akamaliza: kijiko chake, maombi yake, kukoroma kwake. Sasa mama amezidiwa, haongei tena, na klipu zimepoa.

Jana Jumamosi asubuhi nikamsikia bafuni akifanya mazoezi. Huwa anarudia sentensi moja hadi ikae sawa. "Siku tuliyomzika mama mkwe..." Ananyamaza kidogo, anawaachia watu nafasi ya kucheka, anaendelea. Ameshaweka pasta, jeneza, na mimi nikigaagaa chini nikilia. Ngai, Mungu wangu! Na mama yuko hapo nyuma ya pazia, macho wazi, anasikia yote.

Nilimuuliza, "Baba Mwende, kwani nani amekufa?"

Akacheka. "Wacha ushamba, Mama Mwende. Hii kazi ni kujipanga mapema. Kwani yeye ataishi milele?"

Nikaenda kazini. Baadaye nikaona tangazo lake: shoo kubwa mwezi ujao, ukumbini Kaloleni, "Kwaheri Mama Mkwe". Tiketi zinanunuliwa.

Nikiwa sokoni, yeye ndiye humpa mama dawa za presha. Jana hiyo hiyo jioni nilirudi nikazikuta kwenye kisahani, hazijaguswa. Akaniambia amesahau. Mtu ambaye hajawahi kusahau hata neno moja akiwa steji!

Labda ni roho yangu mbaya, sijui. Naogopa, jamani. Nikikaa nyumbani hatuna chakula, na mama tangu jana amenishika mkono hataki niuondoe. Kesho ni Jumatatu. Niambieni ukweli, ungekuwa wewe, ungeenda kazini?